Papai Lisilo Papai

Nilifika Athens, mji mdogo wa kusini-mashariki mwa jimbo la Ohio, Marekani, mwezi wa nane mwaka 2017. Begani mkoba, mkononi sanduku lililojaa khanga na viungo vya pilau. Nilikuwa nimekuja kufundisha Kiswahili cha mwaka wa kwanza pale Ohio University kwa miezi tisa, kisha nirudi zangu Tanga. Wakazi wa mji wote hawafiki elfu 25. Chuo kilianzishwa mwaka 1804, ndicho kikongwe kuliko vyote Ohio, na ukisimama Court Street, mtaa mkuu uliosakafiwa kwa matofali mekundu, huoni chuo kinaishia wapi na mji unaanzia wapi.

Wiki ya pili mwanafunzi mmoja akaninyoshea mkono darasani. Alikuwa amefungua kamusi. Kamusi inasema majira haya yanayokuja, ya majani kuanguka, kwa Kiswahili ni vuli. Je, Mwalimu, ni kweli?

Nikacheka kwanza, halafu nikakwama. Kwetu vuli ni mvua. Ni zile mvua fupi za mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili, ambazo mama yangu huzingojea jembe likiwa limenolewa, apande mahindi na kunde. Mtu akisema vuli imeingia, anasema mbegu ziko ardhini. Hawa wenzangu katika miezi hiyohiyo wanamalizia kuvuna, wanafukia vitunguu saumu vya mwakani na kungoja baridi iue kila kitu. Nikamwambia aandike vuli kwenye mtihani asije akakosa alama, ila moyoni ajue hapo pana uongo. Darasani tukawa tunasema msimu wa kupukutika. Nilidhani ni neno moja tu limenichezea. Kumbe lilikuwa limetangulia, mengine yanakuja.

La pili lilikuwa papai.

Kwenye ubao wa matangazo wa maktaba nilikuta karatasi ya tamasha la pawpaw. Sasa, Mtanzania yeyote aliyepita sekondari anajua kwamba pawpaw kwa Kiingereza tulichofundishwa ni papai, basi, hakuna mjadala. Nikasimama pale nikishangaa. Mapapai, Ohio? Mji ambao watu wananionya ninunue koti la theluji? Nilikuwa sijala papai tangu niondoke nyumbani. Mwenzangu mmoja wa ofisini akanikuta nikiitazama ile karatasi, akasema kwa uchangamfu: lazima uje, utapenda sana.

Hapo ndipo kosa langu. Kwetu mtu akikuambia "Jumamosi kuna shughuli, lazima uje", maana yake Jumamosi atakupitia. Au atamtuma mtoto. Au angalau atapiga simu kuuliza umefika wapi. Kwa hiyo Jumamosi nilioga mapema, nikajifunga kilemba, nikakaa barazani nikisubiri kupitiwa. Saa tatu. Saa nne. Saa tano nikaenda kunywa maji na kurudi. Saa sita nikaanza kujiuliza nimemkosea nini yule dada.

Aliyeniokoa ni mzee wa nyumba ya pili, mstaafu, yeye na mkewe. Walikuwa wanapakia viti vya kukunja garini. Akaniuliza namsubiri nani, nikamweleza. Akanitazama kwa huruma kidogo, kisha akasema jambo ambalo lilinifaa mwaka mzima: "Hakuna atakayekuja kukuchukua. Hapa karatasi ndiyo mwaliko. Ukiisoma, umeshaalikwa." Halafu, kwa kujipinga mwenyewe, akanifungulia mlango wa gari.

(Mzee huyu alitaka nimwite kwa jina lake la kwanza. Ulimi ulikataa. Mtu wa miaka 70 na zaidi, nimwite kama ninayemwita muuza maandazi? Nikawa namwita Mzee na mkewe Bibi, na nikawafundisha kwamba nikisema shikamoo wao wanajibu marahaba. Mzee alilipenda neno hilo mno. Alikuwa akilijibia hata salamu za watu wa posta.)

Tamasha linafanyikia Lake Snowden, bwawa lililo karibu na kijiji cha Albany, kiasi cha robo saa kwa gari. Mahema, vumbi, watoto pekupeku, vijana wanaopiga banjo, moshi wa nyama. Nikazunguka nikitafuta mapapai, sikuona hata moja. Nikaona meza zimejaa matunda ya kijani yenye madoa meusi, ukubwa wa embe dogo, malaini kama yaliyosahaulika jikoni. Bibi akanikatia moja, akanipa na kijiko. Ndani rangi ya siagi, na mbegu kubwa za kahawia zinazong'aa, zimejipanga safu mbili.

Niliweka kijiko mdomoni nikanyamaza. Wale wazee walidhani sijalipenda. Lakini mimi nilikuwa nyuma ya jiko la bibi yangu kule Pangani, nimekaa chini ya mtopetope, natema mbegu. Ladha ile ile ya ndizi na maziwa, ulaini ule ule, mbegu zile zile za kuteleza mdomoni. Nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, maana hakuna lugha nyingine iliyokuja: "Hili si papai. Hili ni topetope!"

Nilikuwa sahihi kuliko nilivyojua. Kwenye hema moja walikuwa wanatoa maelezo, na nikasikia kwamba mti huu hauna undugu wowote na mpapai. Uko katika ukoo mmoja na mtopetope na mstafeli. Karibu jamaa zake wote wanaishi nchi za joto, yeye akapanda kaskazini mpaka kwenye theluji na kuizoea. Ndilo tunda kubwa kuliko yote ya kuliwa yenye asili ya Marekani. Mwaka 1806 msafara wa wavumbuzi wa Kimarekani Lewis na Clark, ulipokuwa unarudi kutoka magharibi chakula kikiwa kimewaishia, ulishindia matunda haya. Mwaka 2009 Ohio ikalitangaza kuwa tunda lake rasmi la asili. Na pamoja na sifa zote hizo, ukienda dukani hulipati. Likishaiva linadumu siku mbili tatu, ngozi yake ikiguswa inachubuka, halisafirishiki. Anayelitaka inabidi alifuate lilipoangukia, wiki chache za mwezi wa tisa, basi mpaka mwakani. Ndiyo maana wakalifanyia tamasha, na wamekuwa wakilifanya tangu 1999.

Kulikuwa na shindano la tunda kubwa kuliko yote, shindano la mapishi, na shindano la kula mikono ikiwa nyuma. Watu wazima, mashavu yamepakaa rojo la njano, umati unashangilia. Mimi sikushindana rasmi, ila nilikula sita. Msile sita. Usiku ule nilijuta, na asubuhi Bibi aliniambia, kwa kuchelewa, kwamba tunda hili halipatani na matumbo ya watu wote, hasa likizidi. Mbegu zake lakini nilikuwa nimezifunga kwenye leso. Nitazirudia.

Tangu siku ile nikawa msomaji wa karatasi. Maktaba, nguzo za taa, dirisha la duka la baiskeli, mlango wa duka la kahawa. Ni jambo dogo kulisema, lakini ilinichukua muda kuacha kujisikia mvamizi. Kwetu kwenda shughuli usiyoitiwa ni kudoea. Pale ukikaa ndani ukisubiri kuitwa, watu wanadhani unapenda upweke, na kwa heshima wanakuachia upweke wako. Nilijua baadaye kwamba yule dada wa ofisini alinitafuta kwa macho siku nzima kule bwawani.

Jumamosi asubuhi nilikuwa naenda soko la wakulima, East State Street. Hapo nilijifunza mambo mawili haraka: kwamba bei haipunguzwi, na kwamba saida ya tufaa, wanayoiita cider, ukiiuliza vizuri ni juisi tu, haijachachuka, mtoto anaweza kunywa. Iliyochachuka ina jina lake jingine na meza yake nyingine. Nilimuuliza muuzaji mara tatu, na mara zote tatu alinijibu bila kuchoka.

Jambo la tatu lilikuwa maboga. Sijawahi kuona maboga mengi kiasi kile na watu wachache kiasi kile wenye nia ya kuyala. Wanayanunua, wanayatoboa macho na meno, wanayawekea mshumaa, wanayaacha barazani mpaka yaoze. Sikuweza kujizuia. Nilimuuliza mkulima mmoja, majani yake unauza? Akaniuliza majani yapi. Nikamweleza: tunachuma machanga, tunamenya nyuzi, tunayapika kwa nazi au karanga, na huko kwetu mtu anaweza kupanda boga kwa ajili ya majani tu. Alisikiliza kama mtu anayeambiwa kwamba maganda ya magunzi ni nyama. Jumamosi iliyofuata alikuja na fungu kubwa kwenye mfuko wa karatasi, akakataa pesa, ila akataka nimwandikie namna ya kupika. Yalikuwa magumu kidogo na mengine yameshapata ukungu, maana mwezi wa tisa ulikuwa unaisha. Nilichagua yaliyo mazuri nikayapika na tui la kopo. Nililia kidogo wakati wa kula, na sitaki kusingizia vitunguu.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi majirani walifunga mtaa wetu jioni moja, wakapanga meza katikati ya barabara. Kila nyumba inakuja na chakula. Hilo nililielewa barabara, maana kuchangia shughuli ndiyo maisha yetu. Nikapika pilau. Sufuria nililoazima kwa Bibi, kilo tano za mchele, iliki na bizari nyembamba niliyokuja nayo sandukuni. Watu wakala, wakasifu, wengine wakarudia. Lakini nyumba zenyewe zilikuwa kumi na mbili, na mimi nilipika kama kuna arusi. Nusu ya sufuria ikabaki.

Sasa giza linaingia, naona kila mtu anachukua bakuli lake na kilichobaki ndani yake, anaondoka nalo. Mimi nikaaga, nikaliacha sufuria pale mezani. Kwa adabu zangu mtu harudi nyumbani na chakula alichokitoa. Ukirudi nacho, ama kimekataliwa, ama una roho ya korosho. Mama mmoja akanikimbilia nalo mpaka mlangoni, anahema, "Umesahau chakula chako!" Nikamwambia si changu tena, ni cha shughuli. Akaniambia hapana, ni chako. Tukasukumana lile sufuria hapo mlangoni kwa adabu, kila mmoja akimheshimu mwenzake kwa namna ambayo mwenzake haielewi.

Niliposhindwa nikakumbuka dawa. Nikachukua karatasi za fedha za kufungia chakula, nikapita mlango kwa mlango nikiwafungashia. Nyumba ya kwanza walishangaa. Ya tatu walikuwa wameshasikia, wakanifungulia kabla sijabisha. Tangu hapo kwenye shughuli zao zote za kuchangia, karatasi za kufungashia zikawa jukumu langu, na sikuwa nimeulizwa.

Katikati ya mwezi huo niliwapeleka wanafunzi wangu Hocking Hills, vilima vya misitu na majabali. Nasema niliwapeleka, lakini ukweli ni kwamba wao ndio walinipeleka, kwa kuwa hakuna basi la kwenda huko na mimi gari sikuwa nalo. Nikawaandikia kwa Kiswahili: tukutane saa tatu asubuhi mbele ya maktaba. Nilijipongeza. Zoezi zuri la saa, nikasema, tuone nani atatokea saa tisa mchana. Wote kumi na mmoja walikuwa pale saa tatu kamili. Aliyekosekana ni Mwalimu, aliyefika na dakika ishirini akiwa na chupa ya chai kama udhuru.

Waliniambia tunakwenda kuona mapango, na mimi mtu wa Tanga nikajua mapango ni Amboni: chokaa, giza totoro, popo, mwongoza njia na tochi, na mahali ambapo watu huacha sadaka zao kwa mzimu. Nilikuja na tochi. Ash Cave haina haja ya tochi. Ni jabali la mawe ya mchanga lililojiinamia kama ukuta wa baraza kubwa mno, upana wake futi 700, uwazi mtupu, na maporomoko membamba ya maji yanayoning'inia ukingoni kama uzi. Jina lake, Pango la Majivu, lilitokana na rundo la majivu ambalo walowezi wa mwanzo walilikuta chini pale. Inaaminika yalitokana na moto wa wenyeji wa asili waliopata hifadhi humo vizazi na vizazi. Old Man's Cave, mwendo mfupi kutoka hapo, ni la mzee aliyejitenga na watu karne ya 19 akaishi humo na mbwa wake. Nikawasimulia wanafunzi habari za Amboni, nao kwa mara ya kwanza wakaniuliza maswali ambayo hayamo kitabuni. Mzimu anakula nini? Nani aliyeacha pesa, na nani anayezichukua?

Lakini kilichonishika si mapango. Ni majani. Nilikuwa nimeona picha, nikadhani ni picha za kutiwa rangi. Tulishuka bondeni, mti mmoja ukiwa mwekundu kama khanga mpya, mwingine njano ya bizari, mwingine rangi ya kahawa, na upepo ukivuma yanashuka yote kwa pamoja bila kelele. Nikauliza, kwa kuwa nilidhani ninaangalia uozo, hivi jani likioza kwa nini liwe zuri? Mwanafunzi mmoja anayesoma biolojia akataka kunijibu kwa Kiswahili. Akatafuta maneno mpaka paji la uso likakunjamana. "Njano ilikuwa ndani," akasema. "Kijani iliificha."

Ndivyo ilivyo. Siku zinapofupika mti unaacha kutengeneza ukijani wake, ule uliopo unavunjika, na njano iliyokuwa ndani ya jani tangu lilipochipua inaonekana. Wekundu peke yake ndio mpya. Huo jani huutengeneza wakati huohuo, kutokana na sukari iliyobakia ndani. Ndiyo maana mchana wa jua na usiku wa baridi unaleta wekundu mkali, hasa kwenye mti wa mepo, ule ambao utomvu wake huchemshwa ukawa sharubati ya kumwagia chapati zao nene. Sikumsahihisha upatanisho wa sarufi. Sentensi ya maneno matano, ya mtoto aliyejifunza Kiswahili wiki nane, na ilikuwa nzuri kuliko yote niliyoandika ubaoni muhula mzima.

Mpira wao, ule wa Kimarekani, nitaupitia mbio, maana sijauelewa mpaka leo. Nilikwenda mara moja Peden Stadium, uwanja uliofunguliwa mwaka 1929. Mchezo unachukua zaidi ya saa tatu na mpira wenyewe unachezwa dakika chache. Muda mwingine ni wanaume wakubwa wanasimama na kushauriana. Ila wakati wa mapumziko ikaingia bendi ya chuo, Marching 110. Wanakuja kwa nidhamu ya kijeshi, sare, tarumbeta ndogo na kubwa za shaba, halafu ghafla wanacheza, viuno na magoti, bila kuacha kupiga. Mimi nikasimama. Bibi yangu alikuwa akitusimulia beni, ngoma ya pwani iliyoiga bendi za askari wa kikoloni, makundi yakishindana kwa sare na maringo, Marini upande huu na Arinoti upande ule. Beni sikuiona maishani mwangu. Nimeiona Ohio. Mapumziko yalipokwisha watu kadhaa wakaondoka zao, na nikaondoka nao, nikijua sasa kwamba si mimi peke yangu niliyekuja kwa ajili ya bendi.

Kuna kilima ng'ambo ya mto kinachoitwa The Ridges, ambako mwaka 1874 ilifunguliwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Siku hizi majengo ni ya chuo, na kuna jumba la sanaa. Mwezi wa kumi vijana hupenda kupanda kule jioni kutafuta mizimu. Nilialikwa, kwa maana ya kwamba niliona karatasi. Tukafika makaburini. Mengi hayana majina, ni mawe madogo yenye namba tu. Wenzangu walikuwa wanacheka na kushtuana. Nilisimama kando nikasoma Fatiha kimoyomoyo, nikarudi peke yangu. Si kila karatasi ni ya kuifuata.

Halafu ikaja Halloween, sikukuu yao ya mwisho wa mwezi wa kumi ya kujivika vituko. Sherehe ya wakubwa ya Athens ni maarufu, imekuwapo tangu miaka ya 1970. Court Street hujaa maelfu ya watu waliojivika kila kituko. Nilipita mapema tu, jioni, na khanga zangu mbili na kilemba kama kawaida yangu ya siku zote. Vijana watatu wakanisimamisha wakanipongeza kwa kuchagua vazi zuri. Nikawashukuru. Ningesema nini?

Ya watoto ndiyo iliyonikamata. Mji hupanga jioni yake, na saa zake za watoto kupita majumbani kuomba peremende. Hiyo nayo ilikuwa kwenye karatasi, lakini kuna jambo moja karatasi haikulisema kwa sababu kila mtu pale analijua tangu utotoni: nyumba iliyowasha taa ya barazani inawakaribisha, nyumba iliyozima isisumbuliwe. Mimi taa yangu ya nje huwaka usiku kucha. Tanga taa ya nje ni ya wezi, si ya wageni. Kwa hiyo saa kumi na mbili jioni mlango ukagongwa, nikafungua, nikakuta simba, mchawi, na kitu kimoja sijakijua hadi leo, kimo chao kiunoni mwangu, mifuko imefunguliwa. Peremende sina. Nina kashata. Nilikuwa nimetengeneza sinia zima za karanga na nazi, za kuwapelekea wanafunzi kesho yake. Nikazigawa kwa furaha, nikijiona mwenyeji hodari.

Mama wa simba akanirudia, ana haya, anatafuta maneno. Watoto wengi wana mzio wa karanga, akasema, wengine unaweza kuwaua. Na siku hii hakuna anayepokea kitu kilichopikwa nyumbani, hata kwa jirani. Mpaka kiwe kwenye karatasi ya dukani. Nilihisi uso unawaka. Nikamwomba radhi, akasema usijali, akanishika mkono. Nikazima taa, nikakaa gizani ndani nikisikia vicheko vinapita. Baada ya robo saa Mzee akagonga dirisha. Ameleta nusu ya ndoo yake ya peremende. "Washa," akasema. Nikawasha. Wakaja hamsini na zaidi. Kashata tulizila mimi na yeye na Bibi mpaka wiki iliyofuata.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja saa zilirudishwa nyuma kwa saa moja, kama wafanyavyo kila mwaka. Jumamosi jua lilikuwa limezama kama saa kumi na mbili na nusu; Jumapili ilipofika saa kumi na moja na nusu lilikuwa limeshazama. Jumatatu darasa likanigeukia. Mwalimu, ulitufundisha kwamba saa moja ya usiku ni saa ya kwanza ya giza. Sasa saa ya kwanza ya giza ni saa kumi na mbili, na mwezi wa sita itakuwa saa tatu. Saa ya Kiswahili imeharibika? Nikawachorea dunia ubaoni, mstari wa ikweta, na Tanga karibu yake, ambako jua halijawahi kumdanganya mtu kwa zaidi ya nusu saa hivi. Saa yetu haijaharibika, nikawaambia. Ninyi ndio mmekaa pembeni. Wakacheka, lakini kutoka hapo sikupata tena karatasi nyingi za kusoma kwenye nguzo. Mji uliingia ndani, ukafunga mlango, na nikaelewa kwa nini miezi miwili ile walikuwa na pupa ya kuwa nje kila Jumamosi.

Zile mbegu. Nilitaka kuja nazo Tanga. Nikaambiwa haziwezi: zikikauka zinakufa, na hazioti mpaka zilale kwenye unyevu na baridi kwa miezi mitatu hivi, na mti wenyewe unahitaji majira ya baridi ndipo uzae. Tanga baridi nitaitoa wapi? Zikakaa kwenye friji yangu, ndani ya karatasi mbichi, karibu na pilipili. Mwezi wa tano, wiki niliyoondoka, tulizipanda uani kwa Mzee. Niliondoka hazijachomoza. Zilikuja kuchomoza tatu. Moja ikapitiwa na mashine ya kukatia nyasi.

Mwaka jana Mzee alinitumia picha. Miti iliyobaki imetoa maua, rangi ya zabibu nyeusi, na anasema yananuka kidogo, kwa sababu si ya nyuki, ni ya nzi na mbawakavu. Matunda hakuna. Kwa hiyo alikuwa ametundika ngozi za kuku kwenye matawi ili awaite nzi, jambo ambalo wakulima wa kule hulifanya kweli, na Bibi alikuwa hasemi naye. Alitaka kujua sisi Tanga mtopetope tunaufanyaje.

Nikamuuliza mama. Mama akafikiri, akasema mtopetope haufanywi kitu, unazaa wenyewe, na mwambie mzee wa watu aziondoe hizo ngozi, atavuta paka.

Nikamfikishia. Akajibu marahaba, na kwamba paka wameshaanza kuja.